Kupanga utafiti wa nyanjani wa afya ya jamii ukiwa mwanafunzi: anzia jedwali la mwisho

Mradi wa nyanjani mara nyingi huharibika ukiwa bado mezani. Mwanafunzi anarudi na rundo la madodoso yaliyojazwa vizuri, anakaa kuyachambua, na hapo ndipo anapogundua kuwa swali alilotaka kulijibu hakumuuliza mtu yeyote. Watu walimpa muda wao kwa moyo mweupe, nauli imekwisha, na muhula nao unayoyoma. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho: unachora kwanza jedwali litakalokaa kwenye ripoti, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi siku ya kubisha hodi.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi anataka kujua jinsi maji ya kunywa yanavyotunzwa nyumbani, katika makazi yenye kaya 400 zenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Makazi hayo ni ya kubuni, lakini hesabu tutakazofanya ndizo utakazozifanya wewe.

Hatua ya 1: Lipunguze swali mpaka uone umepunja

"Maji na afya ya watoto" ni mada, na mada haina jibu. Swali linalofanyika linataja ni nani wanaochunguzwa, wako wapi, ni nini kinachopimwa na kwa kipindi gani. Ukimaliza kuliandika, jiulize kama mtu mwingine akipewa sentensi hiyo peke yake angejua aende wapi na apime nini. Kama angelazimika kukupigia simu, swali bado ni pana.

Katika mfano wetu swali linakuwa hivi: kati ya kaya 400 zenye mtoto wa chini ya miaka mitano, ni asilimia ngapi ambazo maji yao ya kunywa yana klorini (dawa ya kutibu maji) inayopimika siku ya ziara, na je, kaya zenye chombo cha bomba zinatofautiana na zile zinazochota kwa kikombe kutoka chombo cha mdomo mpana? Linaonekana dogo. Liache liwe dogo.

Jihadhari na maneno "athari za" na "mchango wa". Ukiyaandika kwenye kichwa cha utafiti umeahidi kuonyesha kuwa jambo moja limesababisha jingine, na ziara ya siku moja kwa kila kaya haiwezi kutimiza ahadi hiyo. Ziara moja huonyesha kuwa mambo mawili yanaandamana. Haionyeshi lipi linalivuta lenzake. Maneno "hali ya", "kiwango cha" na "uhusiano kati ya" yanakutosha.

Kabla hujalipenda mno swali lako, lipeleke kwa watu watatu: mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, muuguzi wa kituo kinachohudumia eneo lile, na mzazi anayeishi pale. Usiwaombe wakusifie. Waulize jibu la swali hili lingebadilisha nini katika kazi yao au nyumbani kwao. Wote watatu wakikuna vichwa, tafuta swali jingine.

Hatua ya 2: Chora majedwali matupu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo inayozibeba nyingine zote. Chukua karatasi uchore majedwali ya ripoti yako yakiwa na vichwa vya safu na nguzo, bila tarakimu hata moja. Jedwali la kwanza la mfano wetu linaeleza kaya zenyewe: ukubwa wa kaya, elimu ya mlezi, chanzo cha maji. La pili linaonyesha aina ya chombo upande mmoja na klorini ipo au haipo upande wa pili. La tatu linaonyesha sababu walezi wanazotoa za kutotibu maji. Basi.

Sasa chukua rasimu ya dodoso na uoanishe kila swali na kisanduku chake. Swali lisilo na kisanduku linatoka, hata kama linavutia kiasi gani. Dodoso langu la kwanza lilikuwa na maswali 74. Nilipochora majedwali yalibaki 29, na msimamizi wangu akaondoa mengine mawili. Kinyume chake pia hutokea: unakuta kisanduku kisicho na swali la kukijaza, na afadhali ukigundue sasa kuliko siku ya kurudi nyumbani.

Oanisha pia kipimo na kile unachodhani kinapimwa. Klorini ni mfano mzuri wa mtego huu. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri klorini huru iliyobaki, yaani ile ambayo bado inaweza kuua vijidudu, isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji, na vipo vipimo vya rangi ambavyo mwanafunzi anaweza kuvitumia mlangoni. Lakini kaya inayochemsha maji haitaonyesha klorini yoyote, na huenda maji yake ni salama kuliko ya jirani. Klorini pia hupungua kadiri maji yanavyokaa. Kwa hiyo jedwali la pili linahitaji nguzo ya njia ya kutibu maji, na dodoso linahitaji swali la maji haya yalitibiwa lini. Karatasi tupu imetuonyesha hilo bila kumsumbua mtu.

Hatua ya 3: Amua kama unahesabu au unasikiliza

Swali la "wangapi" linataka dodoso na sampuli ya nasibu, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati tu. Swali la "kwa nini" na "inakuwaje" linataka mahojiano ya kina, majadiliano ya kikundi au kukaa na kutazama. Wanafunzi hupenda kuandika kuwa watatumia njia zote kwa sababu linasikika vizuri kwenye pendekezo la utafiti. Ukiwa peke yako na wiki tatu mkononi, chagua moja iwe mhimili na nyingine iwe nyongeza ndogo.

Majadiliano ya kikundi yanafaa kujua mambo yanayokubalika kusemwa hadharani. Watu sita hadi wanane wanatosha, wasiwe na mtu ambaye wengine wanamwogopa. Jambo la aibu au la siri lipeleke kwenye mahojiano ya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya idadi ya watu

Kwa utafiti wa kuhesabu, kanuni ya kawaida ya kukadiria asilimia ni hii: zidisha 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kwa 1.96, kisha kwa p, kisha kwa (1 − p), halafu gawanya kwa d mara d. Hapo p ni kiwango unachokitarajia na d ni kosa unaloweza kulivumilia, vyote kwa desimali (asilimia 5 ni 0.05). Usipokuwa na fununu yoyote kuhusu p, weka 0.5, maana ndiyo inayotoa sampuli kubwa kuliko zote. Kwa kosa la asilimia 5 unapata 384, ile tarakimu inayonakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine kana kwamba imeandikwa kwenye jiwe. Kwa kosa la asilimia 10 unapata 96.

Kwa mwanafunzi mmoja, asilimia 10 ni kosa la heshima, mradi ulitangaze. Ukiandika "asilimia 40, zaidi au pungufu ya 10", msomaji anajua pa kukuamini. Na kwa kuwa makazi yetu ni madogo tunaweza kupunguza: gawanya 96 kwa jumla ya 1 na 95/400, unapata takriban 78. Halafu ongeza kwa ajili ya watakaokataa na wasiopatikana. Ukitarajia mtu mmoja kati ya kumi atakosekana, gawanya 78 kwa 0.9, unafika 87.

Hesabu hii inajibu swali la asilimia ya jumla tu. Kulinganisha makundi mawili, kama vyombo vya bomba na vya mdomo mpana, kunahitaji watu wengi zaidi, na kwa kaya 87 utaona tofauti ikiwa kubwa tu. Liandike wazi kwenye pendekezo lako kabla msimamizi hajaliona. Na kama badala ya kuchagua kaya moja moja kutoka kwenye orodha utachagua kwanza vitongoji kisha kaya ndani yake, watu wa eneo moja hufanana. Watafiti wengi huongeza sampuli hadi maradufu kufidia jambo hilo.

Kuchagua nako kuna ufundi wake. Pata au tengeneza orodha ya kaya, zipe namba 1 hadi 400, na uiache lahajedwali (kama Excel) itoe namba 87 za nasibu. Ukipenda kuruka kila kaya ya nne ukianzia namba ya nasibu kati ya 1 na 4, endelea mpaka mwisho wa makazi hata ukifikisha kaya 100. Anayesimama akishafikisha 87 ameitenga ncha moja ya makazi, na mara nyingi ncha ndiko waliko wanaoishi mbali na maji.

Kaya usiyoikuta, rudi mara mbili zaidi kwa saa tofauti. Usiingie kwa jirani kwa kuwa tu yupo. Wanaopatikana nyumbani saa nne asubuhi wanatofautiana na wanaoondoka alfajiri, na tofauti hiyo hugusa karibu kila jambo la afya.

Katika utafiti wa kusikiliza, hesabu ni nyingine. Unaendelea hadi mahojiano mapya yasipoleta jambo jipya. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006, wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, ulikuta mada nyingi zilikuwa zimejitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Panga 12 hadi 15 kama wahojiwa wako wanafanana. Wakitofautiana sana, panga kwa kila kundi.

Hatua ya 5: Maadili na vibali, mapema kuliko unavyodhani

Sheria za maadili ya utafiti zimeandikwa baada ya watu kuumizwa. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na bila kuwapa penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lenye kanuni za kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, lilikuwapo tangu 1964, na bado utafiti ule uliendelea. Ripoti ya Belmont ya Marekani ya 1979 iliweka nguzo tatu: kumheshimu mtu, kumtakia mema bila kumdhuru, na haki katika kugawana mzigo na faida. Ukiona fomu za kamati ya maadili ni ndefu na zinachosha, kumbuka zilikotoka.

Kamati nyingi za maadili hukutana kwa vipindi, na maombi ya mara ya kwanza mara nyingi hurudishwa yakiwa na masahihisho. Panga miezi miwili au mitatu. Mara nyingi utahitaji zaidi ya karatasi moja: kibali cha maadili, barua ya chuo, ruhusa ya mamlaka ya afya na ruhusa ya uongozi wa eneo. Uliza mapema ipi hutangulia ipi, kwa maana kuna ofisi isiyopokea maombi yako bila barua ya nyingine. Na usianze hata kidogo kabla ya kibali. Data zilizokusanywa kabla ya tarehe ya kibali hazitumiki, na hakuna kamati itakayokubariki kwa kurudi nyuma.

Ridhaa ni mazungumzo. Sahihi huja mwishoni. Mwambie mhojiwa wewe ni nani, unatafuta nini, utachukua dakika ngapi, lipi linaweza kumkera, faida gani atapata (mara nyingi hakuna ya moja kwa moja, na umwambie hivyo), nani ataona majibu yake, na kwamba anaweza kukataa au kuishia njiani bila huduma zake za afya kuguswa. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake alichokielewa. Akisema "umekuja kutuletea maji", anza upya. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtu wako, na aweke alama ya kidole. Kwa mtoto unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto aliye na umri wa kuelewa naye aulizwe kama anakubali.

Panga pia cha kufanya ukikutana na jambo zito. Katika kaya 87 zenye watoto wadogo, si ajabu kukuta mtoto mgonjwa. Beba karatasi yenye dalili za hatari zinazotumiwa na wahudumu wa afya: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki. Ukiona mojawapo, dodoso linafungwa na mtoto anapelekwa kituoni. Wewe hutoi dawa wala hutamki jina la ugonjwa, unaelekeza. Mtu akikufunulia ukatili anaofanyiwa, uwe tayari na namba ya huduma inayomfaa, na usiandike jina lake popote.

Hatua ya 6: Ingia kwa mlango wa mbele

Fika kwenye eneo angalau mara moja kabla ya kazi yenyewe. Onana na uongozi, kisha wahudumu wa afya ya jamii, na ueleze kwa lugha ya kawaida. Sikiliza kuhusu kalenda: siku za kazi nyingi, siku za ibada, msimu wa mvua, kipindi cha mitihani ya watoto. Uliza pia nani mwingine amewahi kufanya utafiti hapo na kama alirudi kutoa majibu. Jibu la swali hilo la mwisho litakueleza mapokezi utakayopata.

Kiongozi akikupa mtu wa kukuzungusha, shukuru, lakini usikubali akae ndani wakati wa mahojiano. Watu hawasemi mbele ya mwakilishi wa kiongozi kuwa hawatibu maji waliyofundishwa kuyatibu.

Hatua ya 7: Andika dodoso

Anza kwa kuazima. Maswali mengi ya afya ya jamii yameshajaribiwa katika nchi nyingi, na ukiyatumia kama yalivyo matokeo yako yanaweza kulinganishwa na ya wengine. Mpango wa pamoja wa WHO na UNICEF wa kufuatilia maji na usafi una maswali yake ya msingi. Kwa mfano, chanzo cha maji kilichoboreshwa, yaani kilichokingwa dhidi ya uchafu, huhesabiwa huduma ya msingi pale kwenda, kupanga foleni na kurudi kunapochukua dakika zisizozidi 30. Kwa kuhara, WHO huhesabu kinyesi laini au cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, na tafiti kubwa za kaya huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukiuliza kuhusu miezi sita, utakusanya makisio.

Maswali yako mwenyewe yaandike kama watu wanavyoongea. Swali moja liulize jambo moja: "Je, unachemsha na kuchuja maji?" ni maswali mawili yaliyobebana. Epuka swali linalobeba jibu, kama "Unajua kuwa ni muhimu kunawa mikono, sivyo?" Kila mtu atakubali.

Hapa ndipo penye tatizo kubwa la fani hii. Watu husema wanachojua unapenda kusikia. Kunawa mikono, kutibu maji, kumeza dawa kwa wakati: yote huja na majibu mazuri kuliko maisha yenyewe. Dawa yake ni kutazama panapowezekana. Badala ya kuuliza kama chombo cha maji kina mfuniko, omba kuonyeshwa. Badala ya kuuliza kama wananawa kwa sabuni, omba wakuonyeshe wanaponawia, kisha andika kama maji na sabuni vipo wakati huo. Pasipoonekana, ifanye tabia isiyosifiwa iwe rahisi kutamkwa: "Kuna siku ambazo mtu hapati nafasi ya kutibu maji. Jana ilikuwaje hapa?"

Maswali mepesi yatangulie, ya kipato na ya faragha yaje mwishoni. Dodoso likihitaji kutafsiriwa, mtu mmoja afanye tafsiri na mwingine asiyeiona asili alirudishe katika lugha ya kwanza; palipopishana ndipo palipo na neno lisiloeleweka. Usimwachie msaidizi atafsiri papo hapo mlangoni.

Kwa kukusanyia data, programu za ODK na KoboToolbox hutumika kwenye simu janja, hufanya kazi bila mtandao, na huzuia makosa kama umri wa mtoto kuandikwa miaka 47. Karatasi nayo haijapitwa na wakati. Beba nakala chache kwa siku betri itakapokusaliti. Majira ya mahali (namba za GPS zinazoonyesha kaya ilipo) usiyachukue kama ramani haimo kwenye majedwali yako. Nukta ya ramani inafika mlangoni kwa mtu sawasawa na jina lake.

Hatua ya 8: Jaribu, halafu jaribu tena

Tafuta kaya nane hadi kumi nje ya sampuli yako, zinazofanana nayo, na ufanye kila kitu kuanzia salamu hadi kipimo. Shika saa. Kila mara mhojiwa anapokuuliza "unamaanisha nini?", weka alama kwenye swali. Ukiona wote wamejibu sawasawa, swali hilo halikusaidii. Kisha jaza majedwali yako matupu kwa data hizo chache. Zitakuwa hazina maana yoyote kitakwimu, lakini zitakuonyesha kama visanduku vinajazika. Mabadiliko makubwa baada ya jaribio huenda yakahitaji kurudi kwenye kamati, kwa hiyo liweke jaribio mahali penye nafasi kwenye ratiba.

Hatua ya 9: Muda, fedha na usalama

Ratiba hutoka kwenye jaribio. Kama mahojiano na kipimo huchukua dakika 40, na kutembea pamoja na kusubiri huchukua nyingine 20, mtu mmoja atamaliza kaya sita kwa siku bila kuanza kulipua kazi. Mkiwa wawili, kaya 87 ni siku nane. Ongeza mbili za kurudia wasiopatikana.

Bajeti ihesabu usafiri, posho na mafunzo ya msaidizi, vipimo, mawasiliano, uchapaji, ada ya kibali, na safari ya kurudisha matokeo. Hiyo ya mwisho husahaulika karibu kila mara. Ongeza asilimia 10 ya dharura. Kuhusu kuwalipa wahojiwa, fidia ya muda au nauli inakubalika mahali pengi, lakini iwe ndogo kiasi cha kutomfanya mtu aone hawezi kukataa, na kamati iwe imeijua.

Nendeni na mrudi pamoja, mwachieni mtu ratiba ya siku, pigeni simu saa mliyokubaliana, na ondokeni kabla ya giza. Ukihisi nyumba si salama, ondoka. Kaya moja haiuharibu utafiti.

Hatua ya 10: Siku za kazi

Kila jioni, kabla ya kulala, pitia fomu zote za siku hiyo. Kosa la leo linaweza kusahihishwa kesho. La wiki iliyopita limeshapotea. Hifadhi nakala mbili mahali tofauti, zikiwa zimefungwa kwa neno la siri. Majina, kama ulilazimika kuyachukua, yakae kwenye faili lake, na fomu zibebe namba tu.

Weka daftari la pembeni. Andika waliokataa na sababu zao, mvua iliyokatiza kazi, uvumi uliousikia, na hasa mambo yasiyolingana. Mwaka 1854 daktari John Snow alipofuatilia kipindupindu kandokando ya pampu ya Broad Street huko London, waliomsaidia sana ni watu waliovunja mpangilio: wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani ambao hawakuugua, kwa kuwa walikuwa na kinywaji chao na kisima chao, na mjane wa Hampstead, mbali kabisa, aliyekufa kwa sababu alikuwa akiletewa maji ya pampu ile aliyoyapenda. Dodoso lenye visanduku lisingempata mjane huyo. Daftari lingempata.

Hatua ya 11: Chambua ulichoahidi

Uchambuzi sasa ni kazi fupi, kwa kuwa majedwali yapo. Epi Info, programu ya uchambuzi iliyotengenezwa na CDC (taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa), inatosha kwa kazi ya ukubwa huu, na hata lahajedwali inatosha. Jaza visanduku, weka masafa ya uhakika ya asilimia 95 (namba ya chini na ya juu ambazo jibu la kweli huenda limo kati yake) kando ya kila asilimia muhimu, na utaje ni kaya ngapi zilizokataa. Ukivutiwa na uhusiano ambao hukuupanga, uuandike kama jambo lililojitokeza njiani. Ukipekua mahusiano ishirini, huenda moja likaonekana la maana kwa bahati tu.

Kagua visanduku vyenye watu wachache. Jedwali likisema kuna mlezi mmoja wa kiume wa umri wa miaka 60 na kuendelea katika kitongoji fulani, umeshamtaja. Unganisha makundi.

Hatua ya 12: Rudi

Rudi kabla ya kuwasilisha ripoti chuoni, kwa sababu wenyeji huona makosa ambayo mtahini hayaoni. Andaa ukurasa mmoja na mazungumzo ya nusu saa. Sema kwa hesabu za watu: "kati ya kila kaya kumi, nne zilikuwa na klorini kwenye maji". Usiwaweke watu kwenye kiti cha washtakiwa, na usionyeshe kitongoji kipi kilishika mkia kama ni viwili tu. Waulize kama matokeo yanafanana na wanavyoishi. Majibu yao yaingie kwenye sehemu ya mjadala.

Kituo cha afya kipe nakala pamoja na data zisizo na majina kama ridhaa iliruhusu. Kisha fungua fomu ya kamati uone uliahidi kutunza faili la majina hadi lini, uandike tarehe hiyo kwenye kalenda, na ikifika ulifute, pamoja na nakala iliyobaki kwenye simu ya msaidizi wako.